Majenereta mawili, tanki moja: mti wa hitilafu kwa umeme wa hospitali

*"Mhandisi, mimi ni fundi umeme katika hospitali ya wilaya. Tuna umeme wa gridi, jenereta la zamani, na miezi kumi iliyopita tulifungiwa la pili jipya. Thieta na wodi ya watoto njiti zina UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme papo hapo gridi ikikatika). Majenereta yote yako kwenye banda moja, yanakula dizeli ya tanki moja, na yanaingia kwenye chenjiova moja ya otomatiki (swichi inayohamisha hospitali kutoka gridi kwenda jenereta). Aliyetufungia aliandika kwenye ripoti kwamba kila jenereta linaweza kugoma kuwaka mara 1 katika 20, kwa hiyo yote mawili kugoma kwa pamoja ni mara 1 katika 400. Gridi yetu hukatika kama mara 40 kwa mwaka, basi tungeingia gizani mara moja tu kwa miaka 10. Tumeshaingia mara mbili. Sasa mganga mfawidhi anataka tuombe fedha za jenereta la tatu. Kuna mtu kaniambia nichore mti wa hitilafu, nikausoma juu juu nikaona ni hesabu za watu wa ndege na nyuklia. Je, unatufaa sisi? Na namba nitazitoa wapi wakati hatuna takwimu?"*

Fundi, kinachokusumbua ni hiki: hesabu inasema miaka 10, giza linasema miezi mitano, na wewe ndiye unayeulizwa nani mkweli. Kuzidisha hakukukosewa. Moja ya ishirini mara moja ya ishirini ni moja ya mia nne. Kilichokosewa ni dhana iliyofichwa chini yake, kwamba majenereta hayo mawili hayajuani, kila moja linaishi na kuugua kivyake. Na wewe mwenyewe umeniandikia sentensi inayoonyesha kwamba yanajuana sana: banda moja, tanki moja, chenjiova moja.

Ushauri wangu nautoa mapema kabla barua ya maombi haijaondoka mezani: msiombe jenereta la tatu kabla hamjachora mti wa hitilafu, yaani mchoro unaoonyesha ni hitilafu zipi zikitokea ndipo giza linaingia. Nitakuonyesha kwa nini.

Ni kweli mti huu ulizaliwa kwa watu wa makombora. Mwaka 1962 H. A. Watson wa Bell Labs aliubuni ili kuchunguza mfumo wa kurushia makombora ya Minuteman ya jeshi la anga la Marekani, hofu kubwa ikiwa kombora kuruka bila kuamriwa. Boeing wakauchukua, kisha watu wa vinu vya nyuklia. Lakini vifaa vyake ni karatasi, penseli na maneno mawili ambayo unayatumia kila siku: NA, pamoja na AU. Kwenye mti kila moja huitwa lango: la NA hudai hitilafu zote zitokee pamoja, la AU hutosheka na moja tu. Mfumo wako una vipande vichache, unaweza kuuchora mchana mmoja.

Watu wengi huanza vibaya kwa kuorodhesha kila kinachoweza kuharibika: plagi, kebo, radieta, panya. Orodha hiyo haina mwisho wala haikwambii lolote. Mti huanzia juu, kwenye jambo moja ambalo hutaki litokee, kisha unashuka ukiuliza swali lile lile: hili litatokea kwa sababu ya nini? Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuliandika jambo lenyewe kwa maneno yasiyoteleza. "Umeme kukatika" halitoshi, maana gridi hukatika mara 40 na wagonjwa wako hawaumii. Andika hivi: "Soketi za thieta hazina umeme kwa zaidi ya sekunde 10 wakati upasuaji unaendelea." Wodi ya watoto njiti iandikie mti wake wenyewe, kwa sababu pale dakika zinazovumilika na vifaa vinavyotegemewa ni tofauti.

Sasa shuka. Thieta itakosa umeme kama breka au kebo inayotoka bodi kuu kwenda thieta imekufa baada ya UPS, AU kama umeme haufiki bodi kuu kabisa na UPS nayo imeishiwa. Hilo "AU" la kwanza lipe jicho. Linakuambia kwamba hata ukiwa na majenereta kumi, kebo moja iliyoungua baada ya UPS inayatosha yote. Mafundi wengi hulisahau kwa sababu macho yao yako bandani.

Tawi la pili linaendelea: bodi kuu itakosa umeme kama gridi imekatika NA umeme wa akiba haujaingia. Umeme wa akiba hautaingia kama chenjiova imegoma, AU majenereta yote mawili hayakutoa umeme. Jenereta la kwanza halitatoa umeme kama limegoma lenyewe kwa betri, stata au injini, AU dizeli iliyolifikia ni mbovu au haipo. Jenereta la pili vivyo hivyo: limegoma lenyewe, AU dizeli.

Simama hapo uangalie karatasi yako. Neno "dizeli" limeandikwa mara mbili, kwenye matawi mawili tofauti, lakini ni tanki lile lile. Hapa ndipo mti unapolipa gharama ya penseli. Kugoma kwa jenereta la kwanza kuite A, la pili B, na dizeli mbovu D. Mti unasema: (A AU D) NA (B AU D). Ukiyafungua mabano, kinachobaki ni D, AU (A NA B). Yaani maji kwenye tanki yanaangusha majenereta yote mawili peke yake, bila kusaidiwa na hitilafu nyingine yoyote. Kwenye mchoro yalionekana yako chini sana, yamekingwa na lango la NA. Kumbe kinga haipo.

Mkusanyiko mdogo kabisa wa hitilafu unaotosha kuuangusha mfumo huitwa mkato. Umeme wako wa akiba una mikato mitatu: dizeli peke yake, chenjiova peke yake, na jenereta la kwanza pamoja na la pili. Mkato wa kitu kimoja ndio wa kuogopwa kabla ya mwingine wowote, na umeshaujua kabla hujaandika namba hata moja. Kama ungeniambia una saa mbili tu za kazi hii, ningekwambia chora, toa mikato, acha hesabu.

Lakini mganga mfawidhi atataka namba, na ana haki. Nitaweka za kukadiria ili uone jinsi mashine inavyozunguka. Zako utaweka mwenyewe. Chukua 1 katika 400 ya fundi wenu kwa majenereta yote mawili. Tuseme chenjiova hugoma mara 1 katika 100, na dizeli huwa na shida mara 1 katika 50. Kwenye lango la AU, hitilafu zikiwa nadra, tunajumlisha: 1/400 na 4/400 na 8/400, jumla 13/400. Gridi ikikatika mara 40, hiyo ni mara 1.3 kwa mwaka ambapo akiba yenu haiingii. Linganisha na mara moja kwa miaka 10.

Ongeza jenereta la tatu kwenye tanki lile lile na chenjiova ile ile. Kile cha 1/400 kinakuwa 1/8000, lakini 12/400 haziguswi. Jumla inashuka kutoka mara 1.3 hadi mara 1.2 kwa mwaka. Mmenunua mashine nzima, mmejenga msingi wa zege, mmeajiri mtu wa kuliangalia, na mgonjwa aliye mezani hataona tofauti.

Badala yake, lipe kila jenereta tanki lake dogo lenye filta na kitenganisha maji chake, na myajaze siku tofauti ili lori moja la dizeli chafu lisiyapate yote. Sasa kila jenereta linaweza kukosa kutoa umeme mara 7 katika 100, ukijumlisha na dizeli yake, na yote mawili kwa pamoja ni 49 katika 10,000. Ongeza chenjiova ya 1/100. Mara 40 za gridi zinakupa takriban mara 0.6 kwa mwaka. Kisha weka swichi ya mkono ya kuipita chenjiova ikigoma, na mtu wa zamu aliyezoezwa kuigeuza. Hata kama atashindwa mara 1 katika 10, unafika karibu mara moja kwa miaka minne. Swichi hiyo itachukua dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo kazi ya UPS.

Ukihitaji mfano wa kumwonyesha mganga mfawidhi, mwonyeshe kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilikata gridi, majenereta ya dizeli yakawaka kama yalivyopangwa, kisha tsunami ikafurika majengo ambamo mengi yao yaliwekwa ghorofa za chini. Watu hukumbuka sehemu hiyo. Mimi nakumbuka zaidi majenereta mawili ya vinu namba 2 na 4 yaliyopozwa kwa hewa, yaliyokuwa kwenye jengo jingine. Maji hayakuyaangusha. Yaliyozama ni makabati ya swichi yanayogawa umeme wake, kwa hiyo majenereta mazima hayakuwa na pa kuupeleka. Kwenye mti wako, makabati hayo yanakaa pale pale chenjiova yako ilipo. Kinu namba 6 kilikuwa na jenereta la namna hiyo hiyo ambalo pamoja na njia yake lilibaki salama. Likagawana umeme na kinu namba 5, na vinu hivyo viwili vikapona.

Kuna kitu kingine majenereta yako yanachoshiriki ambacho hukukiandika, na sikulaumu, karibu hakuna anayekiandika. Ni mtu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa hospitali moja baada ya usiku ambao majenereta mawili mazima hayakuwaka. Betri zilikuwa na chaji, dizeli safi, chenjiova nzima. Kwenye paneli ya kila jenereta, ile swichi ya kuchagua ilikuwa imeachwa kwenye "mkono" badala ya "otomatiki". Yalikuwa yamefanyiwa sevisi siku mbili kabla, na fundi yule yule, asubuhi ile ile. Karatasi ya sevisi ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa banda, imetiwa tiki kila kisanduku, mwandiko safi kabisa. Nilisoma visanduku vyote mara mbili. Cha kurudisha swichi hakikuwepo.

Watu wa nyuklia walishalipia somo hilo hilo. Tarehe 28 Machi 1979, pale kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, pampu za dharura za kulisha maji ziliwaka zilivyotakiwa, lakini valvu kwenye njia zote mbili zilikuwa zimeachwa zimefungwa. Zilikaa hivyo kama dakika nane kabla mtu hajagundua. Njia mbili, mkono mmoja. Kwa hiyo kwenye mti wako, chini ya A na chini ya B, andika pia "swichi haikurudishwa otomatiki". Dawa yake haina bei: jenereta la kwanza lifanyiwe sevisi wiki hii, la pili wiki ijayo, na baada ya kila sevisi mtu mwingine, si yule aliyeifanya, akague swichi na kusaini.

Nije kwenye UPS, maana ndiyo inayobeba thieta dakika za mwanzo na ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Jenereta likifa ukiwa unalitumia utasikia. Betri ya UPS ikifa, taa ya kijani inaendelea kuwaka kwa sababu gridi ipo. Hitilafu ya aina hii imelala. Inajulikana siku ya kuhitajika au siku ya kupimwa. Na hapa hesabu ni nyepesi na inashangaza. Tuseme betri hufa kwa wastani mara moja kwa miaka minne, yaani miezi 48. Ukiipima mara moja kwa mwaka, ikifa itakaa kwa wastani miezi sita bila kujulikana. Miezi 6 kati ya 48 ni moja ya nane: kila gridi ikikatika, una nafasi moja kati ya nane kwamba UPS ni sanduku tupu. Ipime kila mwezi, itakaa nusu mwezi tu, na hiyo ni moja ya tisini na sita. Betri ni ile ile. Kilichobadilika ni kalenda.

Majenereta nayo ni hivyo hivyo. Ile 1 katika 20 haikutoka mbinguni, inategemea mnayawasha mara ngapi na vipi. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110 kinataka jenereta la dharura liwashwe kila mwezi kwa dakika 30 likibeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Neno la msingi ni "likibeba". Kuliwasha tupu kwa dakika tano kila Jumatatu hakukuambii kama litavuta thieta, na tena kunajaza masizi na mafuta yasiyoungua kwenye njia ya moshi.

Namba utazitoa kwenye daftari la banda. Kama halipo, lianze leo: tarehe, nani aliwasha, iliwaka kwa jaribio la ngapi, ilibeba mzigo gani, dizeli ilikuwa kipimo gani. Mara 60 za kuwasha na 3 za kugoma ni 1 katika 20 yako mwenyewe, na ina thamani kuliko namba ya kiwandani iliyopatikana kwenye dizeli safi. Angalizo moja: ukiwasha mara 30 bila kugoma hata mara moja, usiandike sifuri. Kitakwimu unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kugoma hakuzidi mara 1 katika 10, basi. Pale usipo na kumbukumbu kabisa, weka kadirio la chini na la juu, piga hesabu kwa yote mawili, uone kama uamuzi unabadilika. Kwenye hesabu yetu ya juu, hata ukipunguza hitilafu za dizeli hadi nusu, jenereta la tatu bado linabaki chaguo baya. Ukiona uamuzi haubadiliki, huhitaji namba bora zaidi.

Sitakuficha udhaifu wa mti. Hauelewi vizuri habari za muda na mpangilio: jenereta lililowaka vizuri likazimika baada ya saa sita kwa kuishiwa dizeli, mti wa "kuwaka" hautakuonyesha, chora mwingine wa "kuendelea kuwaka saa 24". Na hauonyeshi usichokifikiria. Ndiyo maana usiuchore peke yako ofisini. Mwite mwendesha jenereta, mlinzi anayeshika funguo za banda usiku, na muuguzi wa zamu ya usiku wa wodi ya njiti. Waulize wasimulie yale magiza mawili dakika kwa dakika. Nina hakika mlinzi atakupa tawi ambalo mimi na wewe hatukuliota.

Muuguzi naye atakukumbusha jambo kubwa kuliko umeme: mgonjwa hadhuriki na soketi, anadhurika na hewa na joto kukosekana. Mtungi wa oksijeni uliojaa kando ya kitanda, mfuko wa kupumulia wa mkono, na taa ya thieta yenye betri yake ni NA nyingine kubwa juu kabisa ya mti, na havipiti kwenye tanki wala chenjiova yako.

Yapo mambo usiyafanye kwa maandishi yangu. Kuunganisha majenereta mawili yafanye kazi sambamba, kuongeza swichi ya kuipita chenjiova, au kugusa mfumo wa umeme na ethi (waya wa kwenda ardhini) ya thieta, mwite mhandisi wa umeme aliyesajiliwa aje akague mwenyewe. Swichi ikikosewa, umeme wa jenereta unarudi kwenye laini ya gridi na kumuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani laini imekufa. Vifaa vya wagonjwa vikaguliwe na mhandisi wa vifaatiba. Kama magiza yenu mawili sababu yake haijajulikana hadi leo, usisubiri mti uishe: omba ukaguzi wiki hii, na wodi ya njiti ikae na mitungi iliyojaa hadi jibu lipatikane.

Na siku ya kujaribu kwa kukata gridi makusudi, kubaliana kwanza na daktari wa zamu na wauguzi. Asiwepo mgonjwa mezani, kila mtoto aliye kwenye oksijeni awe na mtungi wake na mtu amesimama pembeni. Kisha kata, na uhesabu sekunde kwa saa ya mkononi.